Kungwi Ndani ya Mashine

Ukitaka kumuudhi Bi Chausiku wa Tandika, muulize kinachosemwa ndani ya chumba cha mwali. Atakutazama juu mpaka chini, atavuta khanga kichwani, halafu atakuuliza kama kwenu hawakukufunza adabu. Wanawake wazima, wenye waume na wajukuu, wamewahi kumlainisha kwa maneno matamu na bakuli za pilau. Pilau akala. Siri hakutoa.

Yeye ni kungwi. Kazi hiyo aliirithi kwa bibi yake mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, aliyemwapisha kwamba nyimbo zile hazitoki nje ya chumba, si kwa mume, si kwa shoga, si kwa mtu mwenye bunduki. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule Chang'ombe, na kiwanda kilipofungwa akaanza kukaanga bagia barazani kwake. Lakini mtaani hawamwiti Mama Bagia. Wanamwita somo. Akipita sokoni, wanawake waliopita mikononi mwake wanainama kidogo na vikapu vyao, "Shikamoo somo," naye anaitika, "Marahaba, mwali wangu," huku akiwakagua kuanzia unyayoni kama bado anawafunda.

Mwaka huu aliposwa Lulu. Lulu ni mjukuu wake, binti wa Salma, na Salma ni mtoto wake wa kwanza. Bibi na mjukuu hawa ni watani kupita kiasi. Tangu Lulu anatambaa bibi anamwita mke mwenzangu, na marehemu babu, Mzee Nassibu, alipokuwa hai walikuwa wakigombania kumpakulia chakula mbele ya macho yake. Posa ilipopokelewa, Bi Chausiku akasema, "Nimewafunda wa watu miaka yote, na mama yake nikamfunda. Huyu wangu. Huyu nikimaliza, hata nikiitwa na Mola nitaitika bila kugeuka nyuma." Hakuna aliyebisha.

Hakuna aliyebisha kwa mdomo, nataka kusema. Maana Salma alikuwa na lake moyoni. Kwenye shughuli ya jirani, siku chache kabla, mama yake alimwita mwali kwa jina la mama wa mwali, akasahihishwa, akarudia kosa lilelile, kisha akakasirika yeye. Watu walicheka, yakapita. Salma hakucheka. Tangu siku ile akawa anamjibia mama yake kila anapoulizwa kitu, na Bi Chausiku, ambaye hajawahi kusemewa na mtu tangu azaliwe, akawa anamtazama tu.

Basi bwana, kulikuwa na presha pia. Presha alikuwa nayo tangu zamani, na vidonge alipewa, na vidonge alivitunza vizuri sana, kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kuvimeza ndiyo ilikuwa ishu. Alivimeza asubuhi ya kliniki tu, ili kipimo kitoke kizuri na nesi asimgombeze. Siku nyingine akiumwa kichwa anatafuna kimoja, kichwa kikitulia anarudisha kopo mahali pake. Dawa ya kila siku ni ya mgonjwa, alisema, na yeye mzima wa afya.

Hukohuko kliniki ndiko alikokutana na Kokuberwa. Msichana wa Kihaya, mrefu, sauti ya taratibu, mtafiti wa mambo ya ubongo. Alikuwa anatafuta wazee wenye presha wakapigwe picha za ubongo kwa mashine ya MRI, ili wajue mishipa ya damu ikizeeka inaathiri vipi kile kinachoonekana kwenye picha hizo. Alieleza vizuri kabisa. Bi Chausiku katika yote hayo alishika neno picha, na kwamba kutakuwa na chai, akakubali.

Salma akampeleka. Wakamvua hereni, wakamvua bangili, Kokuberwa akamuuliza kama ana chuma kingine chochote mwilini. "Shanga zangu za kiunoni ni za kioo, mwanangu," akamjibu, "na hizo hazikuhusu." Akalazwa chali, kichwa kikabanwa ili kisitikisike, na mbele ya macho yake akawekewa kioo kidogo.

"Bibi, kwenye kioo yatatokea maneno," Kokuberwa akamwambia. "Likija PUMZIKA, pumzika tu. Likija KUMBUKA, chukua nyimbo unazozijua kuliko zote, uziimbe kimoyomoyo bila kutikisa mdomo. Likija BANA PUMZI, bana mpaka neno liondoke. Sawa, bibi?"

"Na nyie huko nje mtaona?"

"Tutaona bibi, usijali. Ubongo wote tunauona pale."

Lahaula! Kitanda kilikuwa kimeshaanza kuingia ndani. Nyimbo anazozijua kuliko zote ni zipi, kama si zile? Na pale nje, nyuma ya kioo kikubwa, ameketi kijana wa kiume mwenye ndevu anakunywa soda! Bi Chausiku akamuona bibi yake wa Kisarawe amesimama na mkono kiunoni. Yaani kiapo kilichoshinda pilau ya mtaa mzima kije kivunjwe na bomba hili linalogonga gongagonga kama karakana ya Gerezani? Akafunga akili yake yote kama mtu anayefunga mlango kwa komeo, akaanza kuwaza bagia. Neno likija PUMZIKA, anawaza bagia. Neno likija KUMBUKA, bagia hizohizo, kunde zinalowekwa, kunde zinasagwa, kitunguu kinakatwa. Likaja BANA PUMZI. Aliyelala chali, amebanwa kichwa, abane na pumzi, kwani ameshakufa? Akapumua zake taratibu kwa pua. Alipotolewa alikuwa anatabasamu kama mtu aliyerudi vitani salama.

Huku nje mambo yalikuwa mengine. Ukutani palikuwa na picha ya ubongo wa kijana mmoja aliyefanya zoezi lilelile, na picha ile ilikuwa na madoa mekundu na ya manjano, makubwa, yanawaka. Kwenye kompyuta ilikuwepo ya mama yake. Kijivu. Vitone viwili vitatu basi. Kokuberwa alipokwenda kumsaidia bibi kushuka kitandani, Salma akatoa simu, akapiga picha ya kile kioo cha kompyuta pamoja na ile ya ukutani. Kabla hawajafika nyumbani, picha ilishaingia kwenye kundi la familia la WhatsApp.

Sasa familia yenu ikoje sijui, lakini ile ya marehemu Mzee Nassibu ikiingia kwenye simu kila mtu anakuwa bingwa wa magonjwa. Mashaka, mdogo wake Salma, mwenye duka la dawa Manzese, alituma sauti: "Dada, mie nawaambia ukweli, hapo umeme umekatika. Hiyo ni hali ya mwisho mwisho." Shangazi mmoja akaweka dua. Binamu akauliza kama mama bado anawatambua watu. Mpaka jioni ile mama wa watu alikuwa ameliliwa vya kutosha, naye yupo barazani anapiga soga na kuuza bagia. Na ikakubaliwa, bila yeye, kwamba Lulu atafutiwe kungwi mwingine. Yupo Anti Demetria wa Kinondoni, anafunda kwa kipaza sauti, na mashairi yake yako mtandaoni.

Salma alikuja kumwambia mwenyewe. Hilo namsifu. Alikaa mkekani, akamshika mama yake mkono, akazunguka weee, mwisho akatoa simu na kumwonyesha.

"Hii ndiyo nini?"

"Ni wewe, mama. Kichwa chako." Salma akasogeza kidole. "Hii nyingine ni ya mtu mzima wa afya. Zile rangi ndiyo akili ikifanya kazi. Zako… mama, zako hazipo. Tumeona bora upumzike. Lulu tumempatia mtu."

Bi Chausiku aliitazama ile picha muda mrefu. Angeweza kusema. Angeweza kusema, mjinga wewe, nilificha kwa makusudi. Lakini angesemaje bila kueleza alichokuwa anaficha? Na halafu likamjia jingine, baya zaidi. Alijua kwamba alificha. Je, na kama chini ya kule kuficha hapakuwa na kitu pia? Alikumbuka lile jina la mwali lililokataa kuja. Hofu ikamwingia, hofu ya kweli, na hofu hiyo hakuwahi kuwa nayo hata siku alipomzika mume. Akarudisha simu. "Sawa," akasema. Salma angependa agombe. Neno sawa kutoka kwa mama yake lilimuumiza kuliko matusi.

Bagia za siku ile ziliungua. Aliketi mbele ya karai akawa anaziimba nyimbo kimoyomoyo, moja baada ya nyingine, kama mwenye nyumba anayehesabu kuku wake jioni. Wa kwanza ukaja, wa pili ukaja. Wa tatu ukachelewa. Aliungoja, moyo unamwenda mbio, mafuta yanatoa moshi, ndipo ukaja, wote, na kiitikio chake. Alilia pale pale, na jirani alipouliza akasema ni moshi.

Kesho yake akamwita Lulu. "Mke mwenzangu, nirudishe kwa yule Mhaya. Kama nimekwisha, aniambie yeye. Sitaki kuambiwa na simu." Lulu akaenda kumwambia mama yake, na Salma, ambaye hakuwa amelala, akachukua mkoba wakaondoka wote watatu.

Kokuberwa aliwapokea vizuri, mpaka aliposikia habari ya picha. Hapo akamgeukia Salma, sauti ileile ya taratibu lakini bila tabasamu. "Dada, ile picha haikuwa ya kupigwa. Haikuwa hata imekamilika. Na kipimo hiki hakikuwekwa kusema nani ana akili na nani hana." Salma akainamisha kichwa. Bi Chausiku akamvuta yule mtafiti karibu, akamnong'oneza sikioni, na kadiri alivyonong'ona ndivyo mabega ya Kokuberwa yalivyoanza kutikisika, mpaka akaegemea meza kwa kicheko.

"Bagia, bibi? Toka mwanzo mpaka mwisho?"

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Yule mwanamume mwenye ndevu amekaa pale!"

Kokuberwa akafuta machozi, akavuta kiti karibu yake. "Bibi wangu, kosa ni langu, nilikueleza vibaya. Mashine haioni nyimbo. Haioni wazo hata moja. Inaona damu tu. Chukulia mtaani kwenu kuna shughuli. Mie niko juu ghorofani, siioni shughuli, sisikii ngoma, sionji pilau. Naona watu tu wanavyomiminika kwenye uchochoro fulani, nasema, aha, kule kuna shughuli. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu inamiminika kwenda pale, na zile rangi ndizo hiyo damu. Sasa uchochoro ukizeeka, ukabanana, watu wanakuja wachache na wamechelewa. Ukitazama kutoka juu utasema shughuli haipo. Kumbe ipo, na wali umeiva."

Salma akanyanyua kichwa.

"Mishipa ya damu ndiyo uchochoro," Kokuberwa akaendelea. "Umri unaikakamaza, na presha inaikakamaza zaidi. Ndiyo maana namwambia abane pumzi. Mtu akibana pumzi, mishipa ya kichwani inapanuka yenyewe, hata kama hawazi lolote. Hapo napima uchochoro peke yake. Nikishajua uchochoro ukoje, ndipo naweza kusema habari ya shughuli. Bibi, ulibana?"

"Sikubana," akasema Bi Chausiku kwa sauti ndogo.

Wakapanga siku ya kurudia. Safari hii alipoingia ndani ya bomba na neno KUMBUKA likatokea, alisema bismillahi akafungua komeo. Jamani, zilivyokuja! Zilikuja na chumba chenyewe cha Kisarawe, na harufu ya liwa, na kiganja cha bibi yake mgongoni. Alikuja Salma, kasichana kembamba kanakotetemeka chini ya khanga, kanamwuliza, mama, nikikosea? Yale maneno yenyewe siyaandiki, na hata kama ningeyajua nisingeyaandika. Machozi yalimtoka yakateremka mpaka masikioni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu ameambiwa asitikisike. Likaja BANA PUMZI, akabana kama mpiga mbizi.

Safari hii Kokuberwa alichukua siku zake, ndipo akawaita. Na picha haikuwa ya kuwaka. Nasema kweli, maana najua mlitaka iwake. Rangi ziliongezeka kiasi, lakini ukiiweka pembeni ya ile ya ukutani ilikuwa bado hafifu.

"Ndiyo yaleyale," Salma akasema, na sauti ikamkatika.

"Siyo yaleyale. Hata alipobana pumzi tu, bila kuwaza, mwitikio ulikuwa hivihivi, mdogo na wa kuchelewa. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya huu uhafifu ni mishipa. Ukilinganisha na mishipa aliyonayo, ubongo wake unaitikia vizuri. Alipoimba, damu ilikwenda kote ilikotakiwa, polepole." Kokuberwa akamgeukia mzee. "Lakini sitakudanganya, bibi. Kwenye picha nyingine nimeona vidoa, mahali ambapo vimishipa vidogo vimeshaziba. Hivyo ni vya presha, na vilivyoziba havizibuki. Kusahau kupo, na kunaweza kuzidi. Daktari wa kliniki atakupima kumbukumbu kwa maswali, hiyo ndiyo njia yake. Dawa zako unameza kila siku?"

Lulu alimtazama bibi yake. Salma alifungua mdomo amjibie, kama alivyozoea, akaufunga.

"Mie humezaga siku ya kliniki," Bi Chausiku akasema. "Nesi asinigombeze."

Hakuna aliyemgombeza. Kokuberwa alimshika tu mkono akamweleza namna ya kumeza, kila asubuhi, kichwa kiume kisiume. Nje ya hospitali, wakisubiri bajaji, Salma ndiye aliyeanza kulia, mwanamke wa miaka yake, mbele za watu.

"Mama, mie nilidhani umeshaondoka."

"Nimekwenda wapi? Nimekaa na wewe barazani kila siku."

"Niliogopa."

"Na mie niliogopa, mwanangu," akasema Bi Chausiku. Hajawahi kumwambia mtoto wake neno kama hilo. Akamfuta machozi kwa pindo la khanga, akamwambia aache kuwachekesha wapita njia.

Anti Demetria akapewa ukumbi na kipaza sauti chake, na nasikia alifanya kazi nzuri, watu walicheka mpaka wakavua viatu. Mashaka alimletea mama yake kisanduku cha kupangia vidonge kwa siku, akakiweka mezani bila kutuma sauti yoyote kwenye kundi. Chumba cha mwali kikabaki kwa mwenyewe.

Lulu aliketishwa mkekani, amejifunika khanga, amepakwa liwa, mtundu yule kimya kama siye. Bi Chausiku akaanza. Sauti yake inakwaruza siku hizi, lakini ilikuwa inajua njia. Mlangoni palikuwa na pazia tu, na chini ya pazia aliona miguu ya Salma imesimama. Haikupaswa kuwepo pale. Mama mzazi, kama si yeye kungwi, haingii chumba cha mwali wake, ni haya na ni desturi, na Bi Chausiku mwenyewe amewahi kuwatimua akina mama wengi kwa hilo. Lakini leo hakusema kitu, akaendelea.

Katikati ya wimbo wa tatu, maneno yakaisha.

Hayakuchelewa kama siku ile ya karai. Aliyangoja, na akayangoja, na akajua kwamba safari hii hayaji. Lulu aliinua macho chini ya khanga. Ile miguu mlangoni ikasogea, ikasimama. Salma aliyajua yale maneno. Alipewa katika chumba kama hiki, na mikono hiihii. Na hakuyatamka. Bi Chausiku alimsikia anavyopumua kule nyuma ya pazia, anangoja, anajizuia, na mapenzi aliyoyasikia kwa yule mtoto wake mkubwa yalimjaa.

"Lulu," akasema. "Hapa nimesahau. Sikiliza vizuri, maana hili bibi yangu hakunifunda, nakufunda mie. Itafika siku na wewe utasahau. Usijifiche, na usimtukane anayekutazama. Sema nimesahau. Halafu mwite mtu wako."

Akageuza uso mlangoni.

"Salma! Ingia, mwanangu, unikumbushe."

Miguu haikusogea. Ikabaki pale, kama miguu ya msichana anayeogopa kukosea. Kisha Salma akavua ndala, akaziweka pembeni ya mlango, akaingia.